Mwili Uliokuwa Mkubwa Mno: Safari ya Jordan Mailata

Tarehe 28 Aprili 2018, katika mji wa Arlington, jimbo la Texas, vijana walikuwa wakisubiri kusikia majina yao. Ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, NFL, hufanya zoezi hilo kila mwaka: timu 32 huchagua kwa zamu wachezaji wapya, na aghalabu hao huwa ni vijana waliotoka vyuo vikuu, waliouanza mchezo huo wakiwa wadogo na kuucheza chuoni kwa miaka mitatu au minne mbele ya maelfu ya watazamaji. Mwaka ule walichaguliwa vijana 256. Wa 233 alikuwa kijana wa miaka 21 kutoka Sydney, Australia, aitwaye Jordan Mailata. Kijana huyo hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani katika maisha yake.

Hapo hatukuteleza kalamu, ndugu msomaji. Hakucheza shuleni, wala chuoni, wala katika timu ya mtaani. Alikuwa ameufanyia mazoezi mchezo huo kwa muda wa miezi michache tu. Timu iliyomchagua, Philadelphia Eagles, ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi hiyo mwezi Februari mwaka uleule, na ili kumpata ilikubali kubadilishana nafasi zake za uchaguzi na New England Patriots. Mabingwa wakaingia hasara, ijapokuwa ndogo, kwa ajili ya mtu asiyejua mchezo. Tumeona vema kuisimulia habari hii kwa kirefu, kwa kuwa katika nyumba nyingi yupo kijana wa miaka 19 au 20 ambaye jamaa wamekwisha mhesabu kuwa amechelewa.

Mailata alizaliwa tarehe 31 Machi 1997, wazazi wake wakiwa ni Wasamoa waliohamia Australia, na akalelewa Bankstown, kusini-magharibi mwa jiji la Sydney. Ni sehemu ya wahamiaji. Wasomaji wetu wenye jamaa Australia huenda wamelisikia jina hilo, kwa sababu Lakemba, ulipo msikiti wa Ali bin Abi Talib unaojulikana sana nchini humo, ni jirani yake. Mtoto wa kiume anayekulia pande hizo hukuta mchezo mmoja umetangulia mingine yote, nao ni raga ya wachezaji 13, ambayo ni tofauti na ile ya wachezaji 15 inayochezwa Kenya na Uganda. Mailata aliucheza mchezo huo kwa sababu kila mtu aliucheza.

Alipofika umri wa miaka 17 hivi, akiwa katika hatua ya kuingia kwenye vikosi vya vijana vya timu kubwa, alianguka baada ya mazoezi. Madaktari wakabaini kwamba moyo wake ulikuwa na kasoro ya mapigo, ukipiga haraka na bila mpangilio. Alifanyiwa upasuaji, kisha akafanyiwa tena mara ya pili. Mzazi yeyote anaweza kuipiga picha hali hiyo: mtoto ambaye kila mtu humtazama kwa mshangao kwa ukubwa wake amelala kitandani hospitalini, na hakuna ajuaye kama atakimbia tena. Wengi wangeliona hilo kuwa ni mwisho wa habari, na pengine wangekuwa na haki. Yeye alipona, akaruhusiwa kurejea uwanjani, na mwaka 2017 akawa anaichezea timu ya vijana chini ya miaka 20 ya South Sydney Rabbitohs.

Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo jingine, nalo lilikuwa ni mwili wenyewe. Kimo chake kilikuwa mita 2 na sentimita 3, na uzito wake ulizidi kilo 150. Raga ya wachezaji 13 huchezwa kwa dakika 80. Mpira hausimami mara kwa mara, na mchezaji hutakiwa kukimbia mbele, kukaba, kuinuka, kurudi nyuma na kukimbia tena. Mtu wa kilo 150 anapouchukua mpira hutisha, lakini baada ya dakika chache pumzi humwishia, naye huketi benchi. Makocha walimtaka apungue. Walimwona kuwa ni mchezaji wa dakika kumi au ishirini, na alichoahidiwa kulipwa kilikuwa kidogo. Ukitazama kwa jicho la raga hawakukosea. Alikuwa mkubwa mno kwa kazi waliyokuwa nayo.

Hata hivyo kulikuwa na mkanda mfupi wa video. Ndani yake Mailata anaonekana ameubeba mpira huku vijana wa timu pinzani wakimrukia mmoja baada ya mwingine na kudondoka kama maembe yaliyoiva. Mkanda huo ulisambaa sana, na ukawafikia watu wa NFL. Mwaka 2017 ligi hiyo ilikuwa imeanzisha mpango maalumu wa kuwatafuta wanamichezo wa nchi nyingine na kuwafundisha futiboli ya Kimarekani kuanzia mwanzo kabisa. Mailata aliingizwa katika mpango huo, na mapema mwaka 2018 akapelekwa Florida, katika chuo cha michezo cha IMG, kufundishwa mambo ambayo watoto wa Marekani huyajua wakiwa na miaka minane: namna ya kuvaa kofia ngumu na kinga za mabega, namna ya kuinama kabla mchezo haujaanza, na kwa nini refa amepuliza filimbi.

Inafaa tulieleze hili vizuri kidogo, kwa kuwa ndicho kiini cha habari yote. Katika futiboli ya Kimarekani mchezo hauendelei mfululizo. Kila pigo hudumu kwa sekunde chache tu, halafu wote husimama, hupanga upya, na huanza tena. Wachezaji wanaoshambulia si wale wanaolinda, na kila mmoja ana kazi yake moja. Ipo nafasi iitwayo mlinzi wa kushoto, katika mstari wa mbele wa washambuliaji. Mchezaji wa nafasi hiyo hashiki mpira, wala hatazamiwi kufunga. Kazi yake ni kumkinga kwotabeki, yaani yule anayepanga na kurusha mipira. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, anapojigeuza kurusha, huupa upande wa kushoto mgongo wake, kwa hiyo haoni anayemjia kutoka huko. Akiangushwa kutoka upande huo anaweza kuvunjika. Basi anayesimama hapo anatakiwa awe mrefu, mzito, mwenye mikono mirefu, na pamoja na hayo miguu yake iwe myepesi kama ya mcheza mpira wa kikapu, maana hufanya kazi kwa kurudi kinyumenyume huku akizuiwa kumshika mpinzani visivyo halali. Watu wenye mwili kama huo duniani ni wachache sana, na NFL huwalipa kwa kadiri ya uchache wao.

Kwa hiyo kilo zile ambazo Sydney zilikuwa ni ila, Philadelphia zilikuwa ni mtaji. Sekunde tano au sita za kazi, kisha mapumziko: pumzi haikuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa ni maarifa. Na hapa pana jambo ambalo sisi tunaliona la ajabu kuliko yote. Katika raga ni kosa kumzuia mtu asiye na mpira. Mchezaji hufundishwa tangu utotoni asimguse. Katika futiboli ya Kimarekani, kazi nzima ya mlinzi wa kushoto ni hiyo hiyo. Mailata hakuwa anajifunza mchezo mpya peke yake. Alitakiwa kuusahau ule wa zamani, na kuyafanya kila siku yale aliyokuwa akikatazwa kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwalimu wake alikuwa Jeff Stoutland, aliyekuwa kocha wa safu hiyo katika Eagles tangu mwaka 2013, mtu mwenye sifa ya ukali na wa kurudia jambo moja mpaka lipate kukaa. Tarehe 9 Agosti 2018, katika mechi ya maandalizi dhidi ya Pittsburgh Steelers, Mailata akacheza futiboli ya Kimarekani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akiwa tayari ni mchezaji wa kulipwa. Lakini msimu rasmi ulipoanza hakuchezeshwa. Mgongo ukamsumbua, akawekwa katika orodha ya majeruhi. Mwaka 2019 mgongo ukamrudia tena. Misimu miwili mizima ikapita pasipo yeye kucheza hata dakika moja ya mechi rasmi, na si hivyo tu: mwaka huo wa 2019 Eagles walimchukua Andre Dillard, kijana wa chuo kikuu, katika duru ya kwanza kabisa ya uchaguzi, ili awe mlinzi wao wa kushoto kwa miaka ijayo. Maana yake ilikuwa wazi. Nafasi ilikwisha pata mwenyewe.

Wanaoandika habari za washindi huwa na haraka ya kuivuka miaka kama hiyo. Sisi tungependa kusimama hapo kidogo. Fikiri, msomaji, kijana wa miaka 22, mbali na wazazi wake kwa safari ya bahari nzima ya Pasifiki na bara zima la Amerika juu yake, ana maumivu ya mgongo, hana mechi, hana jina, na kila asubuhi anaingia darasani kutazama mikanda ya watu wengine wakicheza. Alilipwa, na kwa viwango vyetu alilipwa vizuri. Lakini timu ingeweza kumwacha wakati wowote, na kwa mchezaji wa duru ya saba kuachwa ni jambo la kawaida. Alichokifanya miaka hiyo ni kusoma. Jumatatu hadi Jumamosi, kusoma.

Agosti 2020 Dillard aliumia mkono wakati wa maandalizi, msimu wake ukaishia hapo. Eagles wakampa nafasi hiyo mkongwe Jason Peters, naye akaumia baada ya mechi chache. Wakabaki na Mailata. Tarehe 4 Oktoba 2020 alianza mechi kwa mara ya kwanza, ugenini kwa San Francisco 49ers, na Eagles wakashinda 25 kwa 20. Mwaka uliofuata, Dillard akiwa amepona na kocha mkuu akiwa mpya, nafasi ilitangazwa kuwa ni ya mashindano baina ya wawili hao. Mailata akashinda. Tarehe 11 Septemba 2021, siku moja kabla ya Eagles kuuanza msimu, alitia saini mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64.

Kuna kadesturi katika matangazo ya televisheni ya Marekani: katika mechi ya Jumapili usiku wachezaji wanaoanza hutokea kwenye kioo, kila mmoja hutaja jina lake na aghalabu chuo kikuu alichosoma na kuchezea. Mailata hana chuo. Alipofikiwa na zamu yake alitaja jina lake, kisha akasema anatoka Chuo Kikuu cha Jeff Stoutland. Watu wa Philadelphia walilipenda neno hilo, na hadi sasa hulirudia.

Hakuwa wa kwanza kuingia mlango huo akiwa mtu mzima, na wawili waliomtangulia ni watu wa bara letu. Christian Okoye, aliyezaliwa Enugu, Nigeria, mwaka 1961, alikwenda California kusoma katika Chuo Kikuu cha Azusa Pacific kwa sababu ya kurusha kisahani. Alitarajia kuiwakilisha Nigeria katika Olimpiki ya 1984, hakuchaguliwa. Kwa uchungu huo akageukia futiboli ya Kimarekani akiwa na miaka 23. Mwaka 1987 Kansas City Chiefs walimchukua akiwa wa 35, na mwaka 1989 alikimbia na mpira yadi 1,480, akaongoza ligi nzima. Wamarekani wakamwita Jinamizi la Nigeria, kwa sababu kumwangusha peke yako ilikuwa ni kama kuuzuia mlango wa ghala unaoporomoka. Magoti yake yalichakaa upesi, na baada ya misimu sita alistaafu. Wa pili ni Ezekiel Ansah wa Accra, aliyefika Chuo Kikuu cha Brigham Young akitaka mpira wa kikapu. Timu ya kikapu haikumtaka. Akaanza futiboli mwaka 2010, na wakati huo hata kuvaa zile kinga hakujua. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2013, Detroit Lions walimchagua akiwa mtu wa tano kati ya vijana wote wa mwaka huo.

Tungekuwa hatusemi kweli kama tungeishia kwa waliofaulu. Mwaka huohuo wa 2013, Julai, Indianapolis Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyekuwa amecheza Afrika Kusini na New Zealand. Naye pia hakuwa amecheza futiboli ya Kimarekani kabla ya hapo. Alikuwa na kasi, alikuwa na nguvu, na magazeti ya Nairobi yaliandika juu yake kwa fahari. Alifika uwanjani katika mechi chache sana, akaandamwa na majeraha, na mwaka 2015 akaachwa. Wanaojua michezo yote miwili husema kwamba nguvu huvuka mpaka kwa urahisi, lakini kusoma mchezo hakuvuki. Na anayeanza akiwa na miaka 23 hana muda mrefu wa kukisubiri kichwa kiufikie mwili. Mailata mwenyewe, lau mgongo wake ungegoma mara ya tatu, leo angekuwa jina lisilojulikana nje ya Bankstown. Tofauti baina ya wawili hao haikuwa juhudi tupu. Palikuwa na mwalimu mmoja asiyebadilishwa, timu iliyovumilia misimu miwili mitupu, na majeraha ya watu wengine.

Na lipo jambo ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla ya kuvutiwa na dola milioni 64. Mchezo huu huumiza ubongo. Kwa miaka mingi madaktari wa Marekani wamekuwa wakiuchunguza ubongo wa wachezaji waliofariki, na katika wengi wamekuta maradhi yaletwayo na vishindo vya kichwa vinavyorudiwarudiwa, hata vile vidogo ambavyo mchezaji havihesabu. NFL ilishtakiwa na maelfu ya wachezaji wake wa zamani, na mwaka 2015 mahakama iliridhia makubaliano ya fidia ambayo malipo yake yamekwisha pita dola bilioni moja. Wachezaji wa mstari wa mbele, anakosimama Mailata, hugongana karibu katika kila pigo. Pengine kuanza kwake akiwa na miaka 21 kumempunguzia vishindo vya utotoni, lakini raga nayo ina vyake. Ni kazi yenye bei, na bei yenyewe haijulikani mpaka mtu afike uzeeni.

Turudi kwake. Tarehe 12 Februari 2023 Eagles walicheza fainali, inayoitwa Super Bowl, wakafungwa na Kansas City Chiefs 38 kwa 35. Mailata hakuyaficha majonzi yake. Mwezi Desemba uliotangulia, yeye na wenzake wawili wa mstari wa mbele, Jason Kelce na Lane Johnson, walikuwa wametoa albamu ya nyimbo za Krismasi, na mapato yake wakayatoa kusaidia watoto wa Philadelphia. Kwani jitu hili lina sauti laini ya kuimba, jambo ambalo Wamarekani walilijua vizuri baada ya kulisikia katika shindano la televisheni ambalo waimbaji huficha nyuso zao.

Aprili 2024, siku chache baada ya kutimiza miaka 27, alitia saini nyongeza ya miaka mitatu, dola milioni 66. Msimu uliofuata mkimbiaji wa Eagles, Saquon Barkley, alikimbia yadi 2,005 katika mechi za kawaida, na ukijumlisha za mtoano zikafika 2,504, ambazo hazikuwa zimewahi kufikiwa na mtu yeyote katika msimu mmoja. Barkley ndiye aliyepigwa picha. Lakini yadi hizo hupita katika mapengo, na mapengo hayo hufunguliwa na watu kama Mailata, ambao majina yao hutajwa wanapokosea.

Tarehe 9 Februari 2025, mjini New Orleans, timu zilezile mbili zilikutana tena katika fainali. Chiefs walikuwa wanatafuta ubingwa wa tatu mfululizo. Eagles wakawafunga 40 kwa 22, na yule kijana wa 233 akawa bingwa. Mkataba wake na Philadelphia unaendelea hadi msimu wa 2028, atakapokuwa na miaka 31.